Tela Inaposukuma Gari: Breki za Umeme na Njia ya Amri

Tela ikigoma kushika breki, mahali pa kwanza anapogusa fundi ni gurudumu. Jeki inapigwa, nati zinafunguliwa, dramu inatolewa, vumbi linapulizwa, lainingi zinapigwa msasa, kila kitu kinarudishwa, kisha dereva anaambiwa, "Haya mzee, kajaribu." Kwa lori la breki za upepo mwenendo huo una mantiki yake, maana huko lainingi zinaliwa, sleki zinalegea na dramu zinapasuka. Kwa tela yenye breki za umeme, mara nyingi ni jasho la bure. Gurudumu halina kosa. Kosa liko mita kadhaa mbele, pale gari na tela zinapounganishwa: kwenye soketi iliyoshika kutu, kwenye waya ulioburuzwa barabarani, kwenye arthi iliyofungwa juu ya rangi.

Breki ya tela, ya aina yoyote, ni suala la amri. Dereva anakanyaga pedali mbele. Gurudumu linalotakiwa kusimama liko nyuma, kwenye chombo kingine kisicho na injini wala mtu. Amri ile inasafiri kwa kitu gani? Inapita wapi? Na ikikatikia njiani, tela inafunga au inaachia? Anayeyajua majibu ya maswali hayo matatu kwa tela yake ameshamaliza nusu ya kazi ya kutafuta hitilafu kabla hajashika spana.

Ukisimama kando ya barabara inayotoka Musoma mjini kwenda Nyegina na Mkirira, utaona kwamba tela nyingi zinazopita hazina majibu ya maswali hayo kwa sababu hazina breki kabisa. Ni tela za trekta: mbao au bati pembeni, ekseli moja au mbili, mzigo wa mchanga, mawe, matofali, magunia ya mahindi au mihogo, na vijana wawili watatu juu ya mzigo. Upande wa Bunda, msimu wa pamba ukifika, tela hizohizo zinabeba marobota. Kusimama kwake kunategemea trekta peke yake, na trekta lina breki kwenye magurudumu ya nyuma tu, tena kwa pedali mbili zilizotenganishwa ili dereva ageuze kirahisi shambani. Akisahau kuzifunga pamoja kabla ya kuingia barabarani, akakanyaga moja, trekta linageuka huku tela ikiendelea moja kwa moja. Hapo hakuna hitilafu ya kutafuta, maana chombo kinafanya kazi kama kilivyotengenezwa. Kinachomlinda dereva ni mwendo mdogo na gia nzito tangu juu ya mteremko. Anayeweka gia huru ili abane mafuta ameitupa breki pekee aliyokuwa nayo, yaani injini. Tabia hiyo ndiyo iliyolipa jina baya eneo la Salgaa kule Kenya, ambako malori yenye breki nzuri tu yamekuwa yakishuka kwa gia huru hadi breki zinaungua.

Malori makubwa yanayopita barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari yana breki za upepo, na upepo umeyajibu yale maswali matatu vizuri kuliko kitu kingine chochote. Historia yake inafaa kukumbukwa hapa. Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki za upepo za treni mwaka 1869. Katika mfumo ule wa kwanza, upepo ulitumwa kutoka kwenye injini ili kubana magurudumu. Ukawa na udhaifu mmoja mkubwa: bomba likipasuka au behewa likichomoka, upepo haufiki na behewa halina breki tena. Mwaka 1872 akaugeuza mfumo wote. Upepo ukawa unajazwa ili kuachia breki, na ukipotea breki zinafunga zenyewe. Lori la leo linafuata fikra hiyo. Mpira mwekundu unapeleka upepo wa kujaza tangi la tela, mpira wa njano unapeleka amri ya pedali, na ndani ya chemba za breki kuna springi nzito zinazozuiwa na upepo. Mpira mwekundu ukikatika, tela inafunga palepale. Utingo anaujua ukweli huu hata kama hajawahi kusikia jina la Westinghouse: upepo ukiisha, gari haliendi.

Kati ya trekta na lori kuna tela ndogo za kuvutwa na Land Cruiser, Hilux na mfano wake: tela za maji na mahema ya kambi za watalii kuelekea mageti ya Ndabaka na Ikoma, kompresa na jenereta za wachimbaji upande wa Buhemba, tela za boti. Nyingi kati ya hizi, kama zina breki, zina breki za msukumo. Gari likipunguza mwendo, tela inalisukuma. Kichwa cha kuunganishia kinateleza nyuma kidogo na kuvuta waya wa chuma unaobana magurudumu. Ulaya ndiyo breki ya kawaida kwa tela za kati ya kilo 750 na 3,500. Haihitaji umeme wala kitu chochote ndani ya gari, na gari lolote lenye mpira wa kuvutia linaweza kuivuta. Hitilafu zake zinaonekana kwa macho: waya umelegea, kichwa kimekauka grisi, mpira wa kuzuia vumbi umechanika.

Breki za umeme ni za Marekani, Kanada na Australia. Hapa kwetu ni chache, na zinaingia pamoja na tela iliyonunuliwa imeshatumika huko. Uchache wake ndio unaoongeza tabu. Fundi anakutana nayo mara moja moja, hana michoro, na gari linalovuta halikuwahi kuandaliwa kwa ajili yake.

Ufanyaji kazi wake ni rahisi kuliko unavyotishwa. Ndani ya gari, karibu na goti la dereva, kuna kisanduku kidogo kinachoitwa kontrola. Dereva akikanyaga breki, kontrola inapata habari kutoka kwenye waya wa taa za breki, kisha inatuma umeme kwenda nyuma kwa waya mmoja, ambao kwa Wamarekani na Waaustralia huwa wa bluu. Umeme unaingia kwenye sumaku iliyo ndani ya kila dramu. Sumaku inang'ang'ania uso wa ndani wa dramu inayozunguka, inaburutwa nayo kidogo, na mkono ulioshikana nayo unasukuma viatu vya breki vibane. Umeme mwingi, sumaku inashika kwa nguvu. Umeme kidogo, inagusa tu. Kontrola za bei ya chini zinapandisha umeme kwa kadiri ya muda uliokanyaga. Zilizo bora zina kihisio kinachopima jinsi gari lenyewe linavyopunguza mwendo, na kuiagiza tela ifanye vivyo hivyo. Kuna pia kitelezi cha mkono, cha kufungia breki za tela bila kugusa pedali.

Sasa yaulize yale maswali matatu. Amri inasafiri kwa umeme. Inapita kwenye waya mmoja wa kwenda na arthi ya kurudi. Na ikikatika, tela inaachia. Hapo ndipo ilipo tofauti yake na lori: breki ya umeme imebaki pale alipokuwa Westinghouse mwaka 1869. Kila kutu, kila kiungo kilicholegea, kila waya uliotafunwa na panya hupunguza breki, na mara nyingi hakuna kinachomwambia dereva mpaka siku anapozihitaji.

Kwa hiyo unaanzia wapi? Kitelezi kile cha mkono kinagawa tatizo vipande viwili kwa sekunde chache. Gari likienda polepole mahali tambarare, sukuma kitelezi bila kukanyaga pedali. Tela ikishika kwa kitelezi lakini haishiki kwa pedali, waya wa kwenda nyuma ni mzima na tela ni nzima. Kontrola haipati habari kwamba umekanyaga. Mwite mtu asimame nyuma aangalie taa za breki za gari. Zisipowaka, swichi iliyo chini ya pedali imekufa au fyuzi yake imeungua. Hii ni hitilafu ya shilingi chache, nayo watu wameifungulia magurudumu manne.

Isiposhika kwa kitelezi wala kwa pedali, usiingie chini ya tela bado. Nenda kwenye soketi iliyo nyuma ya gari, chomoa plagi, upime kama umeme unafika hapo kitelezi kikisukumwa hadi mwisho. Ukifika vizuri, gari limetimiza wajibu wake na kazi iko kwenye tela. Usipofika, tela haihusiki, hata kama dramu zake zimejaa vumbi la Nyegina mpaka juu.

Namna ya kupima ni jambo ambalo fundi wa kando ya barabara anaweza kumshinda mwenye vifaa vya kisasa. Mita ya dijitali haivuti umeme kwa kiasi cha maana. Waya wenye nyuzi ishirini zilizokatika na moja iliyobaki utaionyesha mita volti 12 kamili, kwa sababu uzi mmoja unatosha kuipitishia mita kile kidogo inachohitaji. Sumaku nne zikianza kuvuta ampea 12 kupitia uzi huo, volti zinaanguka. Isitoshe, kontrola nyingi zinatuma umeme kwa mapigo ya harakaharaka, na mita ya bei nafuu inachanganyikiwa na mapigo hayo. Balbu ya taa kubwa ya gari, ya wati 55, iliyounganishwa nyaya mbili, inavuta zaidi ya ampea 4. Ikiwaka kwa mwanga mweupe wa kawaida, njia ni nzima. Ikiwaka nyekundu hafifu, umepata ugonjwa kabla hujaujua jina. Baada ya hapo unahamisha waya mmoja wa balbu: badala ya kuugusisha pini ya arthi kwenye soketi, uguse nguzo ya hasi ya betri ya gari kwa waya mrefu. Mwanga ukirudi kuwa mweupe, kosa liko kwenye arthi.

Na mara nyingi litakuwa kwenye arthi. Kwa taa, tela inaweza kuponea kwenye arthi ya kubahatisha: umeme unarudi kupitia mpira wa kuvutia, chuma kwa chuma. Taa za nyuma zinavuta umeme kidogo, zinawaka, na mwenye tela anaridhika. Sumaku za breki haziridhiki. Mpira wa kuvutia umepakwa grisi, una kutu, na barabara ikiwa mbovu unaachana na kikombe chake na kukigusa tena. Breki zinashika, zinaachia, zinashika. Dereva anasema tela inachezacheza, fundi anafikiria beringi. Dawa yake ni waya mnene wa arthi unaotoka kwenye pini ya plagi hadi kwenye fremu ya tela, fremu ikikwanguliwa rangi mpaka chuma kiwe cheupe, boliti ikakazwa, kisha ndipo rangi au grisi ipakwe juu yake. Kule mbele nako arthi ya soketi irudi betrini. Boliti ya bampa haitoshi.

Unene wa waya una hesabu yake, na hesabu hii naona inapuuzwa kuliko zote. Waya wa 1.5 (milimita za mraba) unaotumika kufunga taa za nyumba unapatikana kila duka la vifaa vya umeme, kwa hiyo ndio unaofungwa kwenye tela waya wa awali ukiharibika. Tela yenye sumaku nne inadai karibu ampea 12. Ukitumia waya wa 1.5 kwa umbali wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, volti zaidi ya 2 zinapotea njiani, yaani karibu moja ya tano ya nguvu ya amri. Ukitumia waya wa 4, inapotea karibu volti 1. Tena ule wa nyumbani mara nyingi ni wa uzi mmoja mgumu, uliotengenezwa kulala ndani ya ukuta miaka thelathini bila kutikisika. Ukiufunga chini ya tela inayopita makorongo ya changarawe, unakatika ndani ya plastiki yake, kwa nje ukionekana mpya. Waya wa magari ni wa nyuzi nyingi nyembamba kwa sababu hiyo.

Soketi nazo zina fitina zake. Plagi ya duara yenye pini 7 inaonekana ileile Ulaya na Australia, lakini mpangilio wa ndani haufanani. Katika mpangilio wa Ulaya, pini namba 5 ni taa ndogo ya nyuma upande wa kulia. Katika mpangilio wa Australia, pini namba 5 ni breki za umeme. Kisa chake huwa hivi. Tela ya Australia imefungwa kwenye gari lenye soketi ya Ulaya, imevutwa mchana kutwa bila breki na bila malalamiko. Saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaanza, dereva anawasha taa, na gari linakuwa zito kana kwamba limekanyagwa.

"Kaka, zima taa," anasema fundi.

Anazima. Tela inatembea.

"Washa."

Inaganda tena. Mtu asiyejua mpangilio wa pini anaweza kulala hapo siku mbili akifungua magurudumu. Anayeujua anafungua soketi, anahamisha nyaya, anaondoka. Tela za Marekani hazikupi nafasi ya kukosea namna hiyo, maana pini zake ni bapa na hazikubali kuingia kwenye soketi ya pini za duara. Kosa lao linakuja fundi anapokata plagi na kuunganisha nyaya kwa kufuata rangi. Bluu ni breki kwa Mmarekani, lakini kwenye mpangilio wa Ulaya ni taa ya ukungu. Rangi isiaminiwe mpaka balbu imethibitisha.

Halafu kuna jambo la volti, ambalo vitabu vya Marekani haviligusi kwa sababu kwao halipo. Sumaku za breki ni za volti 12. Hapa barabarani tuna magari ya volti 24 kila kona: Fuso, Isuzu, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotoka Japani. Ukiipa sumaku volti mara mbili, inavuta ampea mara mbili na joto linapanda mara nne. Breki zitashika kwa ukali unaopasua matairi, kwa muda mfupi, kisha koili zinaungua na harufu ya vanishi iliyochomeka inatoka ndani ya dramu. Kabla ya kufunga kontrola kwenye gari la dizeli la zamani, fungua boneti uhesabu betri na upime. Kuwa na betri mbili peke yake si jibu, maana kuna magari ya volti 12 yenye betri mbili zilizofungwa sambamba.

Ikiwa umeme unafika hadi kwenye plagi kwa nguvu zake zote na breki bado ni dhaifu, hesabu ya ampea inakuambia uende gurudumu gani. Sumaku ya dramu ya inchi 10 au 12 inavuta karibu ampea 3 kwa volti 12. Unganisha mita ya ampea ndani ya waya wa breki, sukuma kitelezi hadi mwisho, usome. Tela ya ekseli mbili isome karibu 12. Ikisoma 6, sumaku mbili hazipati umeme. Ikisoma 9, moja imekufa. Ikisoma nyingi kupita kiasi, au fyuzi ikiruka kila ukikanyaga, kuna waya umechubuka ukagusa chuma, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale nyaya zinapopita ndani ya bomba la ekseli na kusuguana kila siku bila mtu kuziona. Ikisoma 12 kamili na bado tela haishiki, basi umeme umemaliza kazi yake. Sasa piga jeki.

Humo ndani ya dramu mna mambo ya kawaida ambayo fundi wa breki anayajua kuliko mimi ninavyoweza kuyaeleza: lainingi zimelowa grisi kwa sababu sili ya habu imechoka, viatu viko mbali na dramu, springi ya kurudishia imekatika. Jambo geni ni sumaku yenyewe. Uso wake unatakiwa uwe bapa na uliwe sawasawa. Ukiona umeliwa upande mmoja, mkono unaoishika umelegea. Ukiona nyuzi za shaba za koili zinachungulia, sumaku imekwisha, na haisaidii kuipiga msasa. Grisi ikiingia kwenye lainingi zikaushwe vipi? Hazikaushwi. Zinabadilishwa, na za upande wa pili zibadilishwe pamoja nazo, la sivyo tela itavuta upande mmoja kila ukikanyaga. Viatu vipya vinalala kwenye dramu taratibu, kwa hiyo vinarekebishwa tena baada ya kilomita 300 hivi za mwanzo, kisha kila kilomita 5,000. Kwa vumbi la barabara ya udongo, mimi ningefupisha muda huo.

Wanaovuta boti hadi mialo ya ziwa wana shida ya ziada. Maji yakiingia ndani ya dramu, uso ambao sumaku inaushika unapata kutu usiku mmoja. Asubuhi breki zinauma kwa ghafla kwenye mita mia za kwanza, kisha zinatulia kutu ikishakwanguliwa. Hiyo si hitilafu. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo uharibifu ni wa polepole kuliko wa Tanga au Mombasa, ila plagi ichomolewe kabla tela haijarudishwa majini, na beringi zifunguliwe mara nyingi zaidi.

Hitilafu ya kinyume, ya breki zisizoachia, ina njia yake ya kutafutwa. Baada ya safari fupi, pitisha kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Gurudumu moja likiwa la moto na mengine ya kawaida, tatizo ni la gurudumu hilo: springi, beringi, au viatu vilivyobanwa mno. Yote yakiwa ya moto sawasawa, amri inatumwa bila kuombwa: swichi ya taa za breki imekwama, waya wa breki umegusana na waya wa taa, au pini ya swichi ya dharura (nitaieleza mwishoni) imechomoka.

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika, ila kontrola imepangwa vibaya. Kiwango cha nguvu kinachofaa tela ikiwa imejaa maji ni kikubwa mno kwa tela tupu. Magurudumu yatafunga na kuteleza juu ya changarawe. Kupanga kwake kunafanywa barabarani. Kwenye lami kavu na tambarare, kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, sukuma kitelezi. Ongeza kiwango mpaka magurudumu ya tela yakaribie kufunga, kisha rudisha kidogo. Mzigo ukibadilika, rudia. Dereva aliyeachiwa gari na bosi wake bila kuonyeshwa kitufe cha kupangia kiwango hicho hana kosa tela ikimgomea.

Nimeiacha mwisho swichi ya dharura kwa sababu ndiyo inayoziba lile pengo la 1869, na ndiyo iliyokufa kwenye tela nyingi zilizotumika. Ni pini ndogo iliyofungwa kwa waya wa chuma kwenye gari. Tela ikichomoka, waya unaivuta pini, na betri ndogo iliyo kwenye tela yenyewe inapeleka umeme kwenye sumaku zote. Sheria ya Marekani inataka betri hiyo iweze kuzishika breki dakika 15. Australia inaidai kwa tela inayozidi tani 2. Betri hizi hazikai miaka mingi, na joto na kutochajiwa vinaziua mapema zaidi. Kuijaribu ni kazi ya dakika moja: chomoa plagi ya gari kwanza, maana umeme wa betri ile unaweza kurudi mbele na kuharibu kontrola, kisha vuta pini na ujaribu kuivuta tela. Magurudumu yakizunguka, huna breki ya dharura. Wapo wanaoitumia pini hiyo kama breki ya maegesho; kwa saa moja betri imekwisha na tela imeachiliwa mteremkoni bila mtu.

Je, mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anayevuta tela ya tani moja na nusu ahangaike na mfumo huu wote? Breki za umeme zina faida moja ambayo msukumo hauna: tela ikianza kuyumba kushoto na kulia kwenye mwendo, dereva anasukuma kitelezi, tela inavutwa nyuma na kunyooka, bila kugusa breki za gari. Kwa anayekimbia lami ndefu hiyo ni faida ya maisha. Kwa anayezunguka kati ya kisima na kambi kwa kilomita 30 kwa saa, akibadilisha magari ya kuvuta kila wiki, breki za msukumo zinamfaa zaidi; hazimdai kontrola kwenye kila gari, na waya wake wa chuma fundi yeyote anaufunga. Kubadili ekseli kutoka umeme kwenda msukumo kunawezekana, ila viatu vya ndani ni vya aina nyingine na bamba la nyuma la dramu linabadilishwa lote, kwa hiyo gharama ikadiriwe kabla ya kununua tela. Muuzaji aulizwe breki ni za aina gani, za volti ngapi, soketi ina mpangilio wa nchi gani, na betri ya dharura ilibadilishwa lini. Asipojua, thamani ya breki hizo iondolewe kwenye bei, na tela ivutwe kwa mwendo wa tela isiyo na breki mpaka balbu na ampea ziseme vinginevyo.